Mwenye Shimo Hajala

Ngoma ilikuwa imelowa.

Paskazia aliigusa mara ya pili, kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto, akaona hakukosea. Ngozi ilikuwa imejaa matone. Huo ulikuwa mwezi wa Julai, wakati Shinyanga nzima ni vumbi, mabua ya mtama yanakwaruzana mashambani, na umande ni kitu cha kukumbukwa tu. Ngoma nyingine zote zilizolala chini ya ukuta ule ule wa shule ambako kikundi kililala zilikuwa kavu. Hii moja, kubwa kuliko zote, ambayo kikundi kizima kiliiita ngoma ya Maduhu, ilikuwa inatoka jasho.

Tena ilikuwa inanuka. Paskazia aliinama akanusa. Ulikuwa udongo wa chini sana, ule usiowahi kuona jua, na nyuma yake harufu ya baruti iliyokwisha kulipuka. Harufu hiyo aliijua. Zamani mumewe alipokuwa akichimba dhahabu Geita, alirudi nayo katika nguo, na sabuni ya mara moja haikuitoa.

“Nyamizi,” aliita kwa sauti ndogo. “Njoo uone.”

Nyamizi, jirani yake wa kijijini Didia aliyekuja naye kupika, alisogea akifuta mikono kwenye kanga. Aliitazama ngoma, akabenua midomo.

“Mlevi wa kikundi cha Wagalu amekuja kuikojolea tukiwa tumelala. Wameanza kushindwa hata kabla ya kucheza.”

“Mkojo haunuki hivi.”

“Eeh! Na fundi wa mikojo umekuwa lini, Mama Salvina?”

Siku nyingine Paskazia angecheka. Alibaki ameshika kamba iliyoifunga ngoma ile, kamba waliyoitumia jana kuikaza juu ya lori isije ikaanguka njiani. Ilikuwa kamba nene ya katani. Yeye mwenyewe aliitoa darini asubuhi ya safari kwa kuwa hakupata nyingine. Sasa aliiona ncha yake moja na vidole vyake vikasita.

Kamili, mumewe, alitokea kwenye kona ya darasa amevaa tayari kaptura ya kuchezea. Aliiona ngoma. Kisha akaiona kamba, akaitazama muda mrefu kuliko alivyoitazama ngoma.

“Ni umande,” alisema. “Isogezeni motoni ikauke. Na msiende kulitangaza uwanjani.”

“Umande umechagua moja tu?”

“Nimesema ni umande, Mama Salvina.”

Akaondoka na kamba.

*

Mtu asiyewajua watu hawa ni lazima aelezwe kwanza habari ya Maduhu.

Maduhu na Kamili walikuwa wachimbaji Geita tangu ujana, na mgodi mkubwa ulipofungwa hawakurudi kulima. Walikuwa wakishuka kwenye mashimo ya zamani kuokota kilichobaki, mmoja chini na patasi, mwingine juu ameshika kamba. Wakati wa mavuno walirudi Didia kucheza ngoma. Maduhu ndiye aliyekuwa manju, mwenye ngoma kubwa na mwenye kikundi. Kamili alipiga ngoma ndogo, ile ya kuitikia. Naye alikuwa na kasoro moja. Kila mzunguko ulipofika mwisho, pigo lake lilichelewa kidogo, kama mtu anayeruka mfereji huku amebeba mzigo. Watu walicheka. “Kamili, utue huo mzigo!” walimpigia kelele, naye akacheka nao, lakini nyumbani Paskazia alimwona alivyokaa kimya mbele ya chakula hadi kikapoa.

Ngoma za Wasukuma zina hakimu mmoja tu, watu. Vikundi viwili husimama pande mbili za uwanja, vikapiga kwa wakati mmoja, na umati huchagua wenyewe uende wapi. Hakuna hakimu mwingine. Maduhu alikuwa na umati popote alipokwenda. Alikuwa akiinua mkono tu, watu wanaacha hata vyakula vyao.

Kisha mwaka wa sabini Kamili alirudi peke yake, kamba begani. Akasema kamba imekatika Maduhu akiwa chini, na kwamba haikukatika yenyewe. Mwenye shimo ndiye aliyemla.

Nani angebisha? Kila mchimbaji anajua kwamba shimo lina mwenyewe. Wengine humwita jini, wengine hawamtaji kabisa. Ndiyo maana chini ya ardhi hupigi mluzi, wala humwiti mwenzako kwa jina. Mwenye shimo akila mtu, wachimbaji huchinja kondoo mweusi, hufukia mdomo wa shimo, na hawarudi tena. Ndivyo walivyofanya. Mwili haukutolewa.

Ikabaki ngoma. Kwa desturi ya kikundi kile, manju akifa ngoma yake hulazwa ubavu mbele ya watu. Anayetaka kuirithi humwagia ngozi maji, huieleza ngoma jinsi manju yule alivyokufa, ndipo anaiinua. Na maneno yakishasemwa juu ya ngoma iliyolazwa hayafutiki. Yakiwa na kosa, hurudishwa palepale juu ya ngoma ileile, na aliyeyasema au mtu wa nyumba yake.

Kamili aliilaza ngoma. Akamwaga maji, akasema, “Maduhu amekufa. Mwenye shimo amemla.” Akaiinua.

Mama yake Maduhu, bibi Mageni, alikuwepo. Tangu siku ile, kila alfajiri kabla ya kuwasha moto, alisimama nje ya nyumba yake akauelekeza uso upande wa Geita, akamtukana jini kwa matusi ambayo majirani walifunga madirisha wasiyasikie.

Paskazia alikuwa mtu wa Ushirombo, Mkatoliki, aliyeolewa Didia. Mambo ya majini hakuyapinga wala hakuyashika. Lakini kamba alikuwa ameiona siku ile ile mumewe alipoitua. Kamba inayokatika kwa uzito huchanika nyuzi nyuzi kama ufagio wa zamani. Ile ilikuwa na ncha safi kama muwa uliopitiwa na panga. Alijiambia kwamba Kamili aliipunguza baadaye. Akaitupia darini, na neno hilo akalitupia huko huko.

*

Uwanja wa Saba Saba ulifunguliwa kwa wote, bila kiingilio. Watu walikuja kutoka Kolandoto, Ushetu na vijiji ambavyo hata majina yake Paskazia hakuyajua, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu wameshika viatu mkononi visichakae. Kila kijiji kilileta chakula chake na kukipakua bure, ndivyo kamati ya sherehe ilivyotaka, ili watu wa mjini wakumbuke walikozaliwa. Kulikuwa na ugali wa mtama kwa mlenda, michembe ya viazi vitamu iliyopikwa na karanga, maziwa ya mgando katika vibuyu, na furu waliokaushwa kutoka ziwani. Moshi wa mafiga ulipanda ukachanganyika na vumbi la wachezaji waliokuwa wakijaribu miguu.

Salvina, binti yao wa pekee, alikuwa akifunga njuga miguuni karibu na ngoma. Mwaka ule ndio kwanza baba yake alimpa nafasi ya kucheza mbele.

“Mama, njuga hizi zinakaza vibaya.”

“Zilegeze.”

“Nikizilegeza zitanivuka mbele za watu, Wagalu watunge wimbo.”

“Bora wimbo kuliko kidonda,” alisema Nyamizi. “Mimi walinitungia wimbo wa meno, na nikaolewa.”

Salvina akacheka. Kicheko chake kilikuwa kipana kama cha baba yake zamani, kabla ya kifo cha Maduhu. Paskazia alikisikiliza hadi kikaisha, ndipo akarudi kwenye chungu.

Mstari mbele yake ulikuwa mrefu. Alipakua bila kutazama nyuso, akiangalia vyombo tu, bakuli, sahani, kibuyu, bakuli. Kisha kikaja karai.

Lilikuwa karai la kuoshea mchanga wa dhahabu, limechakaa ukingoni. Mikono iliyolishika ilikuwa na udongo mwekundu, mkavu hadi umepasuka, lakini pale miguu ya mtu yule iliposimama ardhi ilikuwa imelowa. Paskazia aliinua macho. Alikuwa mtu mrefu, hana umri. Hakuona kitu cha kutisha usoni mwake, isipokuwa kwamba jua lilimwangaza kila mtu katika mstari ule na kwake halikufika.

“Shikamoo, baba,” alisema, kwa kuwa ndivyo alivyolelewa.

“Marahaba.”

Jibu lilichelewa, likapanda polepole, kama sauti iliyotupwa kisimani na sasa ndiyo inarudi.

“Nipakulie, mama. Sijala.”

Akampakulia. Michembe iliingia karaini, na karai likabaki tupu. Akaongeza ugali. Karai likabaki tupu.

“Kila ninapopita wanasema nimekula,” alisema yule mtu kwa upole, bila kulalamika. “Kuna mama mmoja huniamsha kila alfajiri. Ananiita mla watoto wa watu. Nimevumilia. Nikajiuliza, jina la mlaji ninalo, chakula chenyewe kiko wapi?”

Mwiko ulitulia mkononi mwa Paskazia.

“Mimi nilikuwa nimelala chini kule kwangu,” aliendelea. “Mtu akaniangukia. Amekuja na kamba mkononi, fupi, imekatwa juu. Sikumgusa. Nilimsikiliza tu mpaka akanyamaza. Kisha nikasikia juu ya ngoma kwamba nimemla.” Akageuza shingo, akatazama ilipokuwa ngoma, na mbele ya ngoma akamtazama binti anayefunga njuga. “Aliyesema nimekula cha mwenzake, mimi nitakula chake. Yule pale ni wake?”

“Mama Salvina!” Nyamizi alimshika bega. “Una nini? Unamwaga chakula chini!”

Paskazia alitazama. Mbele yake hakukuwa na mtu. Palikuwa na rundo la ugali na michembe mchangani, na mstari wa watu waliokuwa wamerudi nyuma wakimkodolea macho. Siafu waliokuwa wakipita pale walikuwa wamelizunguka rundo lile kwa mbali, hawakuligusa.

*

Alimkuta Kamili nyuma ya lori, akijipaka mafuta mabegani.

“Salvina asicheze leo.”

“Umeanza.”

“Baba Salvina, kamba ile ilikatwa na nini?”

Mkono wa Kamili ulisimama begani.

“Punguza sauti,” alisema.

“Sijaipandisha. Nimemwona. Amekuja na karai, amenieleza mwenyewe. Anataka mwanangu, Kamili. Anamtaka kwa maneno uliyoyasema wewe.”

“Umemwona nani?”

“Unamjua ni nani.”

Hakukana. Paskazia alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kofi, na badala yake mume wake aliegemea lori kama mtu aliyeshushwa kutoka safari ndefu.

“Walikuwa wanacheka,” alisema Kamili. “Kila mwaka. Niliyemshikia kamba ni mimi, niliyempikia akiumwa ni mimi, na wakifika uwanjani wanamwita yeye, mimi wananicheka.”

“Sema hivyo pale kwenye ngoma. Ilaze, useme. Itakwisha.”

“Nikisema, nani atafuata ngoma yangu tena?”

“Ni mtoto wako!”

“Atacheza, na hakuna kitakachotokea. Jini halina mdomo, Mama Salvina. Kila mtu analisingizia. Limezoea.”

Aliokota fimbo zake za ngoma akaenda. Paskazia aliona kwamba kila alipokanyaga, nyayo zake zilibaki mchangani zikiwa na maji.

*

Alipofika uwanjani alikuwa amechelewa. Wagalu walikuwa wamekwisha kuanza upande wa pili, na upande huu Kamili alikuwa ameinua fimbo. Pembeni kabisa ya duara, juu ya kigoda, alikaa bibi Mageni, amejifunga kaniki, bakuli la matobolwa, viazi vilivyochemshwa vikakaushwa, mapajani hajaligusa.

“Mwangaluka, mayu,” Paskazia alimsalimu kwa Kisukuma kama mama, akapiga goti.

“Mwangaluka, mwanangu. Kaa. Mimi sikuja kula. Kila mwaka nakuja nisikie ngoma ya mwanangu, nifumbe macho, nijidanganye.”

Kamili akapiga.

Paskazia alikuwa ameisikia ngoma ile miaka mingi, lakini haikuwahi kulia hivi. Haikulia juu. Ilitoka chini ya nyayo, ikapanda kwenye mifupa ya miguu. Pigo la kwanza lilipokwisha, watu waliokuwa kwa Wagalu waligeuka, wote, kama nyasi zinazogeuzwa na upepo. Pigo la pili, wakaanza kuja. Waliacha vyungu motoni, waliacha baiskeli zimelala, na Wagalu wenyewe wakaacha ngoma zao wakaja, wala hapakuwa na mtu aliyeshangilia wala aliyeuliza mwenzake kitu, walikuja tu, kimya, wakijipanga safu nyuma ya safu hadi duara likawa halina mlango.

Katikati Salvina alicheza. Alicheza vizuri kuliko siku zote, macho yamefumba nusu, njuga zikijibu ngoma bila kukosea. Paskazia alitazama miguu. Mchanga ulikuwa umefika kwenye vifundo. Alifikiri ni vumbi. Mguu ulipoinuka ulitoka na udongo mwekundu unaochuruzika, ukakanyaga, ukazama zaidi ya mara ya kwanza, na njuga hazikusikika tena kwa sababu zilikuwa chini ya ardhi, na binti hakujua, alizidi kuzungusha mabega na kutabasamu huku anapungua, na watu walianza kupiga makofi kwa pamoja wakidhani ni ufundi mpya wa Kamili, na Kamili ambaye alikuwa anaona kila kitu alikuwa amepanua mdomo kupiga kelele na kelele haitoki, anataka kutupa fimbo na vidole havifunguki, anapiga tu, anapiga, machozi na jasho vimechanganyika usoni, na nyuma yake amesimama mtu mrefu ambaye jua halimfikii, amelishika karai kwa mikono miwili kama mgeni mwenye adabu anayesubiri kupakuliwa.

Paskazia hakukumbuka alivyopita katikati ya watu wale. Alikumbuka baadaye kwamba alikuwa na kibuyu cha maji mkononi, kile cha kunawisha wageni. Alimpiga kikumbo mumewe, akaikumbatia ngoma ile kubwa kwa mikono yote, akaiangusha ubavu. Iliendelea kulia ikiwa imelala, ingawa hakuna aliyeipiga. Akamwaga maji juu ya ngozi.

“Maduhu hakuliwa!” Sauti yake ilipasuka. “Sikia, ngoma! Mimi ni wa nyumba ya Kamili, nayarudisha maneno yake. Mwenye shimo hakumla mtu. Kamba ilikatwa. Aliyeikata ni Kamili, mume wangu, baba wa mtoto wangu, alitaka wewe uwe wake. Maduhu aliuawa na mtu!”

Ngoma ikanyamaza.

Kisha Salvina akalia, kilio cha mtu anayeamshwa na maumivu. Alikuwa amezama hadi magotini. Nyamizi alikuwa wa kwanza kumfikia. Wakamkamata makwapa, wanawake wanne watano, wakamvuta, na ardhi ikamwachia kwa sauti ya kunyonya kama ya ng'ombe anayetoa mguu matopeni. Njuga zilibaki huko.

Kamili alikuwa amepiga magoti. Fimbo zilikuwa zimemtoka.

“Anadanganya?” mtu aliuliza katika umati. “Kamili, mkeo anadanganya?”

Kamili alitazama watu wale wote. Mji mzima ulikuwa umekuja kwake, hakuna aliyebaki upande wa pili. Akainamisha kichwa.

Bibi Mageni aliinuka kwenye kigoda. Alitembea taratibu na bakuli lake, akampita Kamili bila kumtazama, akasimama mbele ya Paskazia.

“Yuko hapa? Yule niliyekuwa namtukana?”

Paskazia alinyosha kidole. Palikuwa na doa la maji mchangani, linapanuka. Bibi kizee alipiga magoti yote mawili, akaweka bakuli la matobolwa chini.

“Shikamoo.”

“Marahaba,” ikajibu ardhi, na safari hii kila mtu alisikia. Kina mama walivuta watoto. Watu wazima walijikuta wameshikana mikono.

“Nimekutukana bure,” alisema bibi Mageni. Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu anayezungumza na mgeni mlangoni. “Nimekuita mla watoto, kumbe mwanangu alifia mikononi mwa mwenzake na wewe ulikuwa unamsikiliza tu. Nisamehe. Kwetu mgeni aliyetukanwa bure haondoki na njaa.” Ndipo alipogeuka, akamtazama Kamili kwa mara ya kwanza. “Huyo hapo. Nakukaribisha.”

“Mayu, hapana!” alisema Paskazia.

“Wewe una wako amekurudia. Mshukuru Mungu wako, unyamaze.”

Doa la maji likakauka mbele ya macho yao.

*

Mgambo walimchukua Kamili wakamfungia katika stoo ya viti pembeni ya uwanja, wangoje gari la polisi. Stoo ile ilikuwa na mlango mmoja, haina dirisha, na mgambo wawili walikaa mlangoni hawakuondoka. Walisema baadaye kwamba hawakusikia purukushani. Walisikia mtu akipakuliwa chakula, sauti ya mwiko ukigonga chombo, tena na tena, na jua lilikuwa bado kali.

Gari lilipofika walifungua. Viti vilikuwa vimepangwa vizuri. Sakafu ya udongo ilikuwa imelowa tepetepe, na katikati lilikuwepo karai, limefunikwa kifudifudi. Polisi aliuliza nani atalifunua. Hakupata mtu, na yeye mwenyewe hakulifunua. Siku zilizofuata walichimba sakafu ile kando ya karai, wakakuta mwamba mtupu. Hadi walipoibomoa stoo, karai lilibaki mahali pake na matofali wakayatoa kwa kulizunguka.

Salvina alipona miguu. Aliolewa Kolandoto, akazaa, na hakuwahi kufunga njuga tena wala kuuliza alipozikwa baba yake. Ngoma ilirudishwa kwa bibi Mageni. Aliiweka ndani, ubavu, wala hakumruhusu mtu kuiinua. Na alfajiri majirani wakaweza kufungua madirisha, kwa sababu matusi yalikoma.

Mwaka uliofuata tukio lile, wakati wa mavuno, bibi Mageni alimtumia Paskazia salamu afike. Paskazia alikwenda na moyo mzito, maana tangu siku ile hawakuwa wameketi pamoja. Alimkuta bibi kizee amekaa sakafuni kando ya ngoma, amenyosha miguu, anatafuna.

“Karibu, mwanangu. Laza sikio hapo.”

“Kwenye ngoma?”

“Chini. Sakafuni.”

Paskazia alipiga magoti akalaza shavu juu ya udongo. Ulikuwa wa baridi kuliko ilivyostahili, na ulikuwa na ile harufu. Kwanza hakusikia kitu. Halafu, kutoka mbali sana chini, ikaja ngoma kubwa, tulivu, ya mtu mwenye umati wake. Alimtambua Maduhu kwa mkono ule.

Mzunguko ulipofika mwisho, ngoma ndogo ikaitikia. Ilichelewa kidogo, kama mtu anayeruka mfereji huku amebeba mzigo. Na baada ya pigo lile, huko chini, watu wengi wakacheka.

“Umesikia?” aliuliza bibi Mageni.

“Nimesikia, mayu.”

“Bado anachelewa.” Bibi kizee alitabasamu, akamsogezea bakuli. “Kula. Usiogope. Mwenye shimo ameshakula.”